Kabla Mhusika Hajashtuka

Ukitaka kujua kama mchora katuni ameiva, usimpime kwa mbio na mapigano. Ngoja mhusika wake apokee habari. Barua inafunguliwa, mtu anaitwa kwa nyuma, mwingine anabusiwa bila kutarajia. Mara nyingi yote huanza na kwisha ndani ya sekunde moja, yaani fremu 24, na ndani ya hizo 24 hakuna pa kujificha.

Mimi hupenda kuanza na Grumpy, yule kibete mnuna katika Snow White and the Seven Dwarfs ya mwaka 1937, aliyechorwa na Bill Tytla. Snow White anambusu. Grumpy anajinasua kwa hasira na kuondoka akikanyaga kwa kishindo. Kisha hatua zinapungua nguvu, uso unaanza kulegea, na tabasamu ambalo hakulitaka linamtoka. Anageuka kumtazama. Akikumbuka yeye ni nani, anakunja uso upya na kushika njia. Itazame polepole: hasira haiondoki kwa mkupuo. Miguu imeshakata tamaa wakati nyusi bado zinabisha, na kwa kuwa viungo havikubaliani, tunaamini kuwa ndani yake mna mtu.

Basi chunguza kiungo gani kinatangulia. Mtu akisikia jambo, kwa kawaida macho ndiyo huenda kwanza, kichwa kikafuata fremu chache baadaye, kisha kifua. Kazi mbovu hugeuza vyote kwa pamoja kama lango la bati. Kompyuta imeongeza ugonjwa huu, kwa sababu yenyewe hujaza nafasi kati ya pozi na pozi kwa ulaini uleule, na mhuishaji asipoingilia kati, mhusika huelea tu.

Halafu pima ule muda kati ya kuona na kushtuka. Mshtuko wa kikatuni una mpango wake wa zamani: mwili hujikunja chini, huruka juu, kisha hutulia. Anayejifunza hukazana na kule juu, macho yakitoka pima. Mimi hutazama chini, pale mhusika anapojikunja, maana ndipo habari inapomwingia. Mwoga hakai hapo hata kidogo. Mama anayeambiwa mwanawe amerudi anastahili kukaa zaidi, na mwenye kipaji hujua ni fremu ngapi zaidi. Mhuishaji Norm Ferguson alilionyesha hili mwaka 1934 katika katuni ya Playful Pluto: mbwa ananaswa na karatasi ya kunasia nzi, na kila akishindwa kujinasua anatulia, anafikiri, ndipo anajaribu tena. Kicheko chote kimo katika huko kutulia.

Kosa moja huwapita hata wazoefu: uso kubadilika katikati ya mwendo wa kasi. Wahuishaji Frank Thomas na Ollie Johnston wameonya juu yake katika The Illusion of Life, kitabu chao cha 1981. Kichwa kikigeuka kwa kasi huku huzuni ikigeuka furaha, mtazamaji haoni kitu. Uso ubadilike kabla ya kugeuka, au baada.

Pozi lenyewe lipime kwa kusimamisha picha na kuuziba uso kwa kiganja. Mgongo na mabega vikikataa kusema ni hofu au ni aibu, hata nyusi zichorwe vizuri namna gani, hisia hiyo imebandikwa tu. Mikono miwili ikifanya kitu kilekile kwa wakati uleule, shaka yangu huzidi. Aliyetulia naye asigande: pumzi iendelee, kope zishuke, uzito uhame kidogo.

Baada ya hapo rudisha filamu nyuma, uzime sauti, umtazame asiyesema. Anayezungumza hubebwa na sauti ya mwigizaji. Anayesikiliza hana wa kumbeba. Kama neno zito limetamkwa na yeye amepepesa tu kope kwa mpangilio, studio iliishiwa muda au haikujali. Kama macho yake yamehama kabla sentensi haijaisha, kwa kuwa amekwisha kujua inakoelekea, tafuta jina la mhuishaji huyo kwenye orodha ya mwisho na uifuate kazi yake nyingine.