Kibodi Iliyogawanywa na Mzigo wa Herufi A

Mpangilio wa herufi unaoitwa QWERTY, jina lililotokana na herufi sita za kwanza za mstari wa juu, ulianzia katika mashine ya taipu ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, ambayo kampuni ya Remington iliiingiza sokoni miaka ya 1870, na vitufe vyake vilipangwa kimshazari ili kila kimoja kipate njia ya kupitishia wenzo wake wa chuma. Kompyuta haina nyenzo hizo, lakini mshazari umebaki, na vidole vinaendelea kuufuata bila sababu ya kiufundi.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, ni umbo. Kwa kuwa kibodi ya kawaida ni nyembamba kuliko mabega, mikono huingia kwa pembe kuelekea katikati, kisha vifundo vya mikono hupindwa upande wa kidole kidogo ili vidole vilingane na mistari. Viganja navyo hulazwa kifudifudi kabisa, hali inayosokota mifupa ya mkono wa mbele, na anayeinua vile vijiguu vya nyuma ya kibodi huongeza madhara, kwa maana kiganja hukunjwa kuelekea juu.

Kibodi ya kiegonomia, yaani iliyosanifiwa kwa kufuata maumbile ya mtumiaji, huyarekebisha hayo kwa kugawanywa sehemu mbili na kuinuliwa kingo za ndani, kama ilivyoonekana kwa umma mpana katika Microsoft Natural ya mwaka 1994. Lillian Malt na Stephen Hobday, wasanifu wa Maltron nchini Uingereza, walikwenda mbali zaidi: walinyoosha safu za vitufe ziwe wima na kukipa kidole gumba, ambacho katika kibodi ya kawaida hubonyeza nafasi tu, kazi ya herufi E, inayotumika mno katika Kiingereza.

Hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili anapopaswa kutafakari. Herufi inayojirudia zaidi katika Kiswahili ni A, na QWERTY imeiweka chini ya kidole kidogo cha kushoto, ambacho ni dhaifu. Mpangilio wa Dvorak, uliopewa hataza mwaka 1936 na kusifiwa kuwa tiba ya QWERTY, umeiacha palepale, kwa kuwa ulisanifiwa kwa kupima Kiingereza. Anayehama kwa ajili ya Kiswahili, basi, hapati nafuu hiyo kwa kujifunza Dvorak.

Kwa hiyo ni busara kubadili umbo kwanza na kuziacha herufi mahali pake, kwani mgawanyo wenyewe hudai mazoezi: aliyezoea kubonyeza B kwa mkono wa kulia huikuta imebaki upande wa kushoto. Vidole vikishatulia, kibodi inayokubali kupangwa upya itumike kuihamishia A kwenye kidole gumba, na wasanifu wa mipangilio ya Kiswahili waanzie hapo.