Mwisho wa Ngano Uliowekwa Katikati

Hadithi nyingi za majini na mazimwi huharibika mahali pamoja: pale mwandishi anapouonea haya muujiza wake akaanza kuutetea. Mnyama akisema, mara ataletwa mganga au mzee mwenye kitabu kikuukuu aje atupe sababu. Khadija Abdalla Bajaber wa hapa Mombasa hakujisumbua na utetezi huo katika The House of Rust, riwaya yake ya kwanza. Aliiandika kwa Kiingereza ikatoka mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, tuzo hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza.

Kisa ni cha Aisha, binti wa Kihadhrami ambaye babake, mvuvi, amekwenda baharini asirudi. Binti anamfuata kwa chombo kilichoundwa kwa mifupa, na kiongozi wake ni Hamza, paka wa mwanachuoni, anayezungumza kama watu.

Tazama alivyomchagua mnyama. Mji wa Kale umejaa paka. Wako barazani Kibokoni, wako mlangoni mwa misikiti, na karibu na Bandari ya Kale wanamkodolea macho kila anayepasua samaki. Paka wa mji huu tayari ana sura ya mtu anayejua siri za nyumba zote, kwa hiyo akifungua kinywa msomaji hashtuki sana. Lau angekuwa zimwi la vichwa saba katikati ya Ndia Kuu, tungedai maelezo. Kunguru nao wana usemi katika riwaya hii, na mkazi yeyote wa kisiwa hiki anajua kwamba kunguru wetu walikuwa na maneno mengi kabla ya riwaya kuandikwa.

Huko baharini Aisha anakutana na viumbe watatu wa kutisha, wa mwisho akiwa Baba wa Papa, mzazi wa papa wote. Watatu, tena wakizidiana: hiyo ni mizani ya ngano tulizopewa na nyanya zetu. Masikio yetu yanaijua hesabu hiyo, na yanajua kinachofuata. Shujaa atashinda, atarudi, ataozwa, watu watakula raha mustarehe.

Hapo ndipo Bajaber alipofanya kazi kubwa. Aisha anashinda, anamrudisha babake, na kitabu hakiishi. Mwisho wa ngano umewekwa katikati ya riwaya, na ile harusi tuliyoizoea kama zawadi imegeuzwa kuwa tishio. Nyanya yake anataka kumwoza kijana wa mtaani, kijana mpole asiye na ila. Aliyepambana na Baba wa Papa sasa anatakiwa atulie ndani.

Mbinu hii inaonekana vizuri zaidi ukiiweka kando ya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanahofia nguvu za mahali pale, na mpelelezi Bwana Msa, mwenye kiko chake, anafuata dalili moja baada ya nyingine mpaka mauaji yanarudi mikononi mwa binadamu. Abdulla anaitia hofu chumvi kisha anaiondoa kwa hoja, na msomaji analala. Bajaber anaihamisha hofu kutoka kilindini hadi sebuleni, na huko hakuna mpelelezi wa kuifumbua.

Nusu hiyo ya pili ina udhaifu wake. Wasemaji wanaongezeka, kunguru wanachukua nafasi kubwa, na kasi ya baharini inapotea. Zipo kurasa nilizotamani mwandishi azipunguze. Lakini sikubali kwamba riwaya ilipaswa kukoma pwani, babake aliporudi. Zimwi la baharini Aisha angeweza kulichukia bila kuona aibu. Nyanya anampenda kweli, anamtakia heri kwa namna pekee anayoijua, na Bajaber hakumfanya mchawi wala mkorofi ili kumrahisishia binti kazi. Kumpinga mtu wa namna hiyo kunahitaji ushujaa ambao ngano za binti anayeozwa mwishoni hazikuwa na haja ya kuuonyesha, na kwa ajili ya kuuonyesha huo, kurasa zile za ziada nimezisamehe.