Mwiko na Miiko Yake

Mwashi ana mwiko wake wa kupigia lipu, mpishi ana wake wa kusongea ugali, na mzee wa ukoo akitaka jambo lisifanywe husema ni mwiko. Sikuwahi kulitilia maanani neno hili mpaka nilipokabidhiwa mwiko mdogo wenye ncha, nikapiga magoti ndani ya mraba wa mita mbili kwa mbili uliozungushiwa vigingi na kamba, kisha nikaambiwa nisichimbe.

Nami nilikuja kuchimba!

"Jembe ndilo linalochimba," alisema mzee aliyetusimamia, mwashi aliyeacha kujenga nyumba akawa anafukua za wenzake wa kale. "Mwiko unakwangua. Ulaze ubavu, vuta kuja kwako. Kama unatoa ukoko wa wali na hutaki sufuria ilie."

Jina la mahali penyewe silitaji. Ni pwani, kuna mibuyu, na kuna watu ambao wakisikia pana shimo huja usiku na sururu kutafuta mali ya Mjerumani. Kila jioni hakukosa mpita njia wa kuuliza, "Mmepata dhahabu?" Mzee alijibu kwa upole uleule, "Tumepata miba ya changu." Na ilikuwa kweli.

Siku ya tatu nikavunja mwiko wa kwanza. Niliona kitu kinang'aa: kigae cha kauri, cheupe chenye ua la buluu, cha Kichina, kikubwa kidogo tu kuliko ukucha wa gumba. Nikakichomoa, nikakifuta kwa shati, nikakiinua juu kama mvuvi aliyenasa nguru. Mzee hakukitazama.

"Kilikuwa kimelala wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole: hapa. Au pale.

"Juu ya sakafu au chini yake?"

Nikanyamaza. Kigae kikatiwa kwenye mfuko wa vitu visivyo na kwao, pamoja na vilivyookotwa njiani. Kumbe kingelala chini ya ile sakafu ya chokaa, bila kuvurugwa, tungejua kwamba sakafu ilimwagwa baada ya chombo kile kufika kutoka China, na nyumba nzima ingepata umri. Kingelala juu yake, ingekuwa habari nyingine kabisa. Sasa kilikuwa kigae kizuri, basi.

Nilipojutia hilo nilizikumbuka sarafu tano za shaba za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 na askari wa Australia, mchangani, katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yao. Alizihifadhi kwenye kopo miaka mingi bila kujua ni za wapi. Leo tunajua ni za masultani wa Kilwa, lakini zilifikaje huko hakuna awezaye kusema. Hazikuwa na tabaka, hazikuwa na jirani, hazina wa kuzitolea ushahidi.

Juma la pili nilikuwa nimeanza kutulia. Nikikwangua mchanga mweupe, nikaona duara jeusi, upana wa kiganja. Nilidhani ni uchafu, na mkono ulishakwenda kuufuta. Mzee akaudaka. Akalinyunyizia maji, rangi zikakolea, ukingo wa duara ukajitenga na mchanga kama kope na jicho. Hapo palisimama nguzo, akasema. Nguzo yenyewe ilioza, tundu likajaa udongo mwingine, na udongo huo ukabaki na umbo la mti usiokuwepo. Tukamtafuta mwenzake siku nzima. Tukampata hatua moja na nusu kando, kisha wa tatu kwenye mstari uleule. Magharibi ilipoingia tulikuwa na ukuta wa nyumba ya miti na udongo. Ukiniuliza, sijawahi kuona jumba la mawe lililonishtua vile.

Na si mimi tu niliyeshtushwa na matundu. James Kirkman, aliyeanza kufukua Gede mwaka 1948, na Neville Chittick, aliyefukua Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, walikuta misikiti, majumba ya matumbawe na kauri za ng'ambo, wakaona miji hii imeasisiwa na wageni waliovuka bahari. Miaka ya 1980 Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, mpaka akafikia matundu ya nguzo: kijumba kidogo cha ibada, cha miti, cha karne ya 8, katikati ya makazi ya watu waliopikia vyungu vya kienyeji. Mawe yalikuja baadaye. Mimi na pupa yangu ya siku ya tatu tungepita humo kama tunapanda mihogo.

Vyungu hivyo ndivyo vilivyonimalizia jioni zangu. Kigae huoshwa kwa mswaki, hukaushwa kivulini, huandikwa nambari kwa wino mwembamba, na hapo ndipo unapogundua kwamba Kiswahili kilishaifanya nusu ya kazi: chungu kina mdomo, shingo, bega, tumbo. Kipande cha mdomo ndicho cha kuombea. Upinde wake ukiulinganisha na duara zilizochorwa kwenye karatasi, unajua chungu kizima kilikuwa na upana gani. Vingine vina pembetatu zilizokwaruzwa shingoni kabla ya kuchomwa. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifuata pembetatu hizo pwani na bara, akaonyesha kuwa walioketi huku na waliokaa huko walikuwa watu wa ufinyanzi mmoja. Ndivyo vigae ambavyo mgeni huvikanyaga akikimbilia kauri.

Jicho la namna hiyo halitoki darasani. Kamoya Kimeu wa Kenya, ambaye hakusoma sana shuleni, mwaka 1984 aliona karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, kipande kidogo cha fuvu chenye rangi karibu sawa na kokoto zilizokizunguka. Kikafuatiwa na mifupa ya kijana aliyeishi takribani miaka milioni 1.5 iliyopita. Wenyewe watasema hiyo ni elimu ya visukuku, si akiolojia. Sawa. Kokoto ni zilezile.

Kuchimba ni kufumua mkeka ili ujue ulivyosukwa: ukifika mwisho una ujuzi, mkeka huna. Ndiyo maana nusu ya siku tulikuwa tunaandika na kuchora, kwa penseli, maana wino ukilowa hukimbia.

Siku ya mwisho tulifukia. Kabla ya karai la kwanza la mchanga, mzee alitoa mfukoni sarafu ya shilingi 500, akashuka, akailaza chini kabisa kwenye pembe ya kaskazini, ili atakayekuja kuchimba baada yetu ajue tulishapita.

Akanitazama. "Andika ilipolala."