Heko, wakausha matangi

Mwenye boti ya mfano ya injini ya nitro hutamjua kwenye mashindano. Mtazame jioni, wenzake wanapofungasha. Anamimina mafuta yote yaliyobaki, kisha anawasha injini iunguze hata yale ya kwenye mpira wa mafuta. Ana sababu. Mafuta hayo ni methanoli, nitromethani na ya kulainishia, mara nyingi ya nyonyo. Methanoli hunyonya unyevu hewani, na maji hayo yakilala ndani ya tangi la bati, kutu huanzia kwenye maungio. Chembe moja, ndogo kuliko punje ya chumvi, ikiziba sindano ya kabureta, boti inazimika katikati ya bwawa na mwenyewe amesimama ukingoni na rimoti yake, kama mvuvi aliyekimbiwa na ngalawa.

Wa matangi ya plastiki wamepumzika kiasi. Heko zangu ni kwa hawa wa bati: husuuza kwa methanoli safi, humwaga, hudondoshea mafuta ya mashine, kisha huligeuzageuza tangi mpaka yapake kila kona. Kazi ya dakika chache, nami huisahau. Wao hawaisahau. Ukimkuta mmoja wao bwawani, mwombe uchungulie ndani ya tangi lake.