Kilwa Isiyochorwa: Uhakiki wa Picha ya Chapa ya Hans Burgkmair ya Mwaka 1508

Mwaka 1508, katika mji wa Augsburg kusini mwa Ujerumani, mchoraji Hans Burgkmair alibuni picha ndefu ya chapa iliyounganishwa kutokana na vibao kadhaa vya mbao. Picha hiyo inaonyesha watu wa pwani za Afrika na India kwa kufuata mpangilio wa safari ya baharini. Kwanza ni Guinea, kisha Algoa iliyo kusini mwa Afrika, kisha Arabia, kisha India Kuu, na hatimaye mfalme wa Cochin akibebwa katika msafara wake. Kila kundi limeandikiwa jina la nchi yake. Wahakiki wa sanaa wameipa picha hii hadhi ya pekee. Stephanie Leitch, katika makala yake ya mwaka 2009, anaiona kuwa miongoni mwa vyanzo vya ethnografia katika picha za chapa, kwa kuwa Burgkmair aliyaacha majitu ya ajabu ya hekaya za kale na badala yake akachora watu wenye maumbile ya kawaida, wanaolinganishika na mtazamaji mwenyewe. Hoja hiyo ina uzito, na inahusu kile kilichochorwa. Suala linalojadiliwa hapa ni kile ambacho hakikuchorwa, ingawa aliyeleta habari za safari alikiona kwa macho yake.

Mleta habari huyo ni Balthasar Springer, wakala wa nyumba ya biashara ya Welser. Mwezi Machi 1505 aliondoka Lisbon katika msafara wa Francisco de Almeida, ambamo meli tatu ziligharimiwa na wafanyabiashara wa Kijerumani na wenzao. Mwezi Julai msafara huo uliishambulia Kilwa, ukamwondoa mtawala wake, ukaweka mwingine na kuanza kujenga ngome. Mwezi Agosti ukaiteka Mombasa, ukaipora na kuichoma moto. Kutoka hapo meli zilielekea upande wa Malindi, zikavuka bahari hadi India. Springer alirejea Ulaya mwaka 1506, na masimulizi yake yaliyochapishwa mwaka 1509 yanaitaja miji yote miwili pamoja na yaliyoipata.

Sasa njia ya meli ilinganishwe na mpangilio wa picha. Guinea ipo, Algoa ipo, India ipo. Kati ya Algoa na India, mahali ambapo safari yenyewe iliweka Kilwa, Mombasa na Malindi, picha imeweka neno moja: Arabia. Msafara wa Almeida haukutia nanga Uarabuni kabla ya kufika India. Kwa hiyo neno hilo haliwezi kusomwa kuwa jina la kituo cha safari. Ni jina lililobandikwa juu ya pwani ya Waswahili, na chini yake kimesimamishwa kikundi kidogo cha watu kwenye ardhi tupu, bila mji, bila ukuta, bila msikiti.

Inawezekana kumtetea Burgkmair kwa hoja ya ufundi. Katika chapa ya mbao, mchoraji huchora juu ya kibao, na mchongaji huondoa kila sehemu inayopaswa kubaki nyeupe ili mistari peke yake ibaki imeinuka na kupokea wino. Kazi hiyo ni ngumu na ya gharama, na haishangazi kwamba mbunifu angechagua miili michache iliyo wazi badala ya paa mia na madirisha elfu. Zaidi ya hayo, Burgkmair alikuwa amejiwekea kanuni: mume, mke na mtoto, kundi baada ya kundi, ili tofauti za mavazi na silaha zionekane kwa kulinganisha. Watu wa Guinea wako uchi, katika mkao unaokumbusha sanamu za kale na picha za Adamu na Hawa. Wale wa Algoa wamevaa ngozi. Ndani ya kanuni hiyo mji hauna nafasi.

Utetezi huo, hata hivyo, hautoshi. Miaka 15 kabla yake, kitabu cha historia ya dunia cha Hartmann Schedel kilichochapishwa Nuremberg mwaka 1493 kilijaa picha za miji za chapa ya mbao. Nyingi zilikuwa za kubuni, na kibao kimoja kilitumika kwa miji kadhaa, jina tu likibadilishwa. Maana yake ni kwamba mchapaji wa Kijerumani aliyetaka mji aliweza kuuweka, hata asipoujua sura. Kilwa ingeweza kupewa walau mji wa kuazima. Haikupewa hata huo. Na ukimya huo haukuhusu Afrika na Asia zote kwa kiwango kimoja, maana mfalme wa Cochin amechorewa msafara mrefu wenye fahari. Cochin ndiko pilipili ilikonunuliwa. Mtawala aliyehitajika katika biashara alionyeshwa akiwa na heshima zake; mtawala aliyeondolewa kwa mizinga hakuonyeshwa kabisa. Picha inayosifiwa kwa usahihi wake ilikuwa pia hesabu ya mwekezaji.

Hapa ndipo ukusanyaji unapoingia. Mtu anayehusishwa kwa karibu na mradi wa picha hii ni Konrad Peutinger, karani mkuu wa mji wa Augsburg, mkusanyaji mashuhuri wa maandishi na vitu vya kale, ambaye mkewe, Margarete, alitoka katika ukoo wa Welser. Katika maktaba yake kulikuwamo mkusanyo wa hati za safari za Wareno ulioandaliwa na Valentim Fernandes, mchapaji Mjerumani aliyeishi Lisbon, ambao leo umehifadhiwa Munich. Miongoni mwa hati hizo kuna habari za safari ileile ya 1505 zinazonasibishwa na Hans Mayr, aliyesafiri katika meli nyingine ya msafara huo. Mayr anaeleza nyumba za mawe za Kilwa na Mombasa zilizopakwa chokaa, baadhi zikiwa na ghorofa, na anaeleza mali iliyotolewa ndani yake. Si lazima kudai kwamba Burgkmair aliisoma hati hiyo kabla ya kuchukua kalamu. Huenda mkusanyo ulifika Augsburg baada ya vibao kuchongwa. Linalotosha ni kwamba kwa mkusanyaji mmoja habari za pwani hii zilipita katika njia mbili. Maneno yalibeba majumba na moto. Picha ilibeba familia tulivu chini ya jina la nchi nyingine. Maneno yalibaki rafuni katika nakala ya mkono. Picha ndiyo iliyoingia sokoni.

Na sokoni haikukaa peke yake. Georg Glockendon wa Nuremberg aliinakili, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule ambapo kibao kilichouzwa vizuri kilichongwa upya na jirani. Nakala za mwanzo za Burgkmair zilizosalia ni chache mno, jambo la kawaida kwa picha ndefu za vipande vingi, kwa sababu zilibandikwa ukutani zikachakaa au zilikatwa na wenyewe. Burgkmair mwenyewe hakuudumisha uangalifu aliosifiwa kwao. Alipochora, kwa ajili ya Maandamano ya Ushindi ya Kaisari Maximilian I, kundi lililoitwa watu wa Calicut, aliwavika baadhi yao sketi za manyoya ya ndege za watu wa Brazili na kuwapa mahindi mikononi. Haukupita muongo mmoja na nusu tangu picha ya 1508, na tayari India na Amerika zilikuwa zimechanganyika katika mkono uleule.

Inafaa kukumbuka kwamba Kilwa yenyewe ilikuwa na utamaduni wake wa kupiga chapa. Masultani wake walitoa sarafu za shaba zenye majina yao na maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa kwa vina, kila sarafu nakala ya nyenzake. Mji uliojitia jina lake mwenyewe katika shaba ulipewa jina la wengine katika mbao. Si haki kuitwika picha moja ya Augsburg lawama ya wataalamu wa karne ya 20 walioendelea kuiona miji ya pwani kuwa makoloni ya Waarabu na Waajemi; njia kutoka huku hadi kule ni ndefu na ina wapita njia wengi. Lakini tabia ya kuiona pwani hii na kuiita Arabia ina ushahidi wa chapa wa mwaka 1508, na mtafiti wa historia ya wazo hilo hana sababu ya kuanzia karne ya 19.

Kilwa na Mombasa zilipata sura katika chapa ya Ulaya miongo kadhaa baadaye, katika kitabu cha miji ya dunia cha Georg Braun na Franz Hogenberg kilichoanza kutolewa Cologne mwaka 1572. Safari hii kazi ilifanywa kwenye bamba la shaba, ambalo mistari yake huchimbwa ndani na kujazwa wino, na ambalo huruhusu mistari myembamba kuliko mbao. Majumba yapo, na bahari ipo mbele yake. Karasa za kitabu hicho baadaye zilitolewa na kuuzwa mojamoja, nyingine zikiwa zimetiwa rangi kwa mkono, na hadi leo wakusanyaji huzinunua hivyo. Karasa inayohusika ina picha nne. Nusu ya juu yote ni Aden, bandari ya Uarabuni. Chini yake, zikigawana upana wa karatasi, ni Mombasa, Kilwa na Sofala.