Waya Usiingie Kwenye Jeti

Fundi anayepokea Honda CG125 ya zamani na kukimbilia kufungua kabureta kabla hajauliza swali hata moja, mwombe akurudishie pikipiki yako. Huenda mikono yake ni mizuri, lakini hajui anachokitafuta. Pikipiki inayokohoa, inayozima ikishapata moto au inayogoma kuvuta ukiingiza gia ya nne, mara nyingi inalia na mafuta yasiyofika. Na mafuta yana safari kabla hayajagusa kabureta: kifuniko cha tanki, tanki lenyewe, koki, chujio, mpira. Fundi wa kweli anaifuata safari hiyo kwa mpangilio, na utamtambua kwa jinsi anavyochelewa kushika spana.

Hapa Maganzo, mji uliokua pembeni mwa mgodi wa almasi wa Mwadui, mashine hizi za zamani bado zinahema katikati ya Boxer na TVS. Kuna CG, kuna Yamaha DT, nyingi zikiwa zimepita mikononi mwa mabwana shamba, miradi na parokia kabla hazijamfikia mwenye nazo wa leo. CG ndiyo iliyodumu kuliko zote, na kuna sababu. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwa wamewalenga watu wasio na desturi ya sevisi: injini ya fito, isiyo na cheni ya muda ya kulegea, rahisi kufungua. Wachina wakainakili, na ndiyo maana vipuri vyake viko kila kona. Lakini wingi huo wa vipuri umeleta uvivu. Kabureta halisi ya Keihin iliyoziba tu inatupwa kapuni, inafungwa kopi ya PZ26, na mwenye pikipiki anaambiwa tatizo limekwisha. Mimi naihesabu hiyo kuwa hasara, hata kama pikipiki imewaka.

Msikilize fundi anapohoji. Mazungumzo ya maana huwa hivi:

"Fundi, inazima nikikaribia Kolandoto. Nikipumzika kidogo inawaka tena."

"Ikizima, mzee, umeshawahi kufungua kifuniko cha tanki ukasikia kinavuta pumzi?"

"Sijawahi kukifungua."

"Basi tuanze na kifuniko. Kabureta iacheni kwanza."

Kifuniko cha tanki kina kitundu cha kuingiza hewa. Kiangazi cha Shinyanga kina vumbi jingi, na masika tope jeusi la mbugani linaruka kila mahali. Kitundu kikiziba, petroli inashuka bila hewa kuingia kushika nafasi yake, mvutano unajengeka ndani ya tanki, na baada ya kilomita kadhaa mafuta yanagoma kushuka. Ukisimama, hewa inapenya polepole, pikipiki inawaka, nawe unaamini kabureta ina wazimu. Dawa yake ni kuzibua kitundu na kupuliza upepo. Fundi anayekuambia hivyo na kukutoza bei ya soda, mshike.

Kifuniko kikiwa salama, mpira unachomolewa kwenye kabureta, koki inafunguliwa, mafuta yanakingwa kwenye chupa safi inayoonyesha ndani. Hapo wengi wanaangalia kitu kisichostahili, yaani unene wa mkondo. Pikipiki ya 125 ikikimbizwa kwa nguvu zake zote hainywi zaidi ya lita tatu hivi kwa saa, sawa na mililita 50 kwa dakika. Mkondo mwembamba unaoendelea bila kubadilika unatosha kabisa. Wa kuogopwa ni ule unaoanza kwa kishindo, ukakonda, ukawa matone. Hiyo ni kutu iliyokaa juu ya chujio la koki ndani ya tanki, au ni kile kifuniko tena. Fundi mzuri anasubiri chupa ijae. Mbaya anaona mafuta yametoka, anasema "yanakuja," anafunga.

Chupa hiyo iachwe itulie kivulini. Maji hukaa chini na mpaka wake unaonekana kwa macho. Kisha tone moja lidondoshwe kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inapaa na kuacha karatasi kavu, iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha doa la mafuta. Uchakachuaji wa namna hiyo ulikuwa tatizo la nchi nzima kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya ife. Mafuta ya chupa ya kando ya barabara bado yastahili karatasi. Si lazima muuzaji awe mwizi. Yaweza kuwa dumu tu halikuoshwa.

Sasa kabureta inaweza kufunguliwa. Kabla hujaangalia kingine, angalia vichwa vya skurubu za bakuli. Skurubu za Kijapani za enzi hizo zina msalaba wa kipimo chao, si ule wa bisibisi ya kawaida. Bisibisi isiyo yake inapanda, inateleza, inakula kichwa. Kabureta ambayo skurubu zake zimeliwa imepitia mikono yenye haraka, na ndani utakuta mengine ya aina hiyo hiyo. Fundi anayejua anasaga ncha ya bisibisi yake kidogo ikae sawasawa, anasukuma kwa kiganja, ndipo anazungusha. Ukimwona anafanya hivyo, nenda kanywe chai bila wasiwasi.

Halafu jeti, yaani vipande vyenye tundu la kupimia mafuta. Hapa ndipo kazi nzuri na mbovu zinapoachana, na kinachozitenganisha ni waya. Fundi wa haraka anachomoa uzi mmoja wa waya wa breki, anausokota ndani ya jeti, anapuliza, anaona mwanga, anaridhika. Jeti ni ya shaba nyeupe, ni laini. Waya ni wa chuma. Kwenye kabureta za Keihin namba ya jeti inakwenda na kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: namba 100 ni milimita moja hivi, na jeti ndogo ya mwendo wa taratibu, yenye namba 38, ni chini ya nusu milimita. Ikwangue hiyo ndogo mpaka ifike 42, macho hayataona tofauti yoyote, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Pikipiki itawaka vizuri siku hiyo. Baada ya wiki plagi ni masizi matupu, petroli inaisha upesi, na mwenyewe analaumu injini.

Jeti inalowekwa kwenye petroli safi, usiku kucha ikibidi, inasuguliwa kwa uzi wa brashi laini au mshipi wa kuvulia, inapulizwa upepo kwa fundi pancha. Ikishindikana, inanunuliwa nyingine yenye namba ile ile. Basi.

Na kama unataka kuhakikisha, Maganzo ina kifaa ambacho miji mingi haina mifukoni mwa watu wake. Mwombe mnunuzi wa almasi akuazime lupu yake. Lupu ya kukuza mara 10, inayoonyesha ufa ndani ya kijiwe, inaonyesha pia kama tundu la jeti ni duara au limechongwa upande, na kama ncha ya sindano ya floti ina pete. Pete hiyo, mstari unaong'aa kuzunguka ncha, ni alama ya kulika. Sindano yenye pete haifungi, mafuta yanafurika, pikipiki inalala ikinuka petroli na asubuhi inataka kiki mpaka mguu uchoke. Kubadilisha sindano bila kuangalia kitako chake ni nusu ya kazi.

Kimo cha mafuta ndani ya bakuli kinapimwa bila kubahatisha. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, hata ule wa dripu, unachomekwa kwenye tundu la kumwagia mafuta chini ya bakuli na kuinuliwa kando ya kabureta. Mafuta yanasimama pale yanaposimama ndani. Mafundi wanaofanya hivi ni wachache. Nikimkuta mmoja simuulizi bei tena.

Kabureta ikirudishwa, jambo la kushuku ni hewa ya wizi. Oringi ngumu au gasketi iliyopasuka kati ya kabureta na injini inaingiza hewa isiyopimwa: ukiachia mafuta, injini inachelewa kushuka, na inatulia tu ukivuta choki. Fundi anapaka grisi kuzunguka maungio. Mngurumo ukibadilika, amelipata tundu. Anayenyunyizia petroli karibu na ekzosi ya moto, ondoka hapo wewe na mtoto wako.

Skurubu ya mchanganyiko ina mtihani wake. Muulize fundi: ukiifungua, unaongeza mafuta au unapunguza? Jibu sahihi ni swali lingine: iko upande gani? Ikiwa upande wa ekilina, inapima hewa, na kuifungua kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta, na mambo yanageuka.

Kuna pia suala la mwinuko. Kabureta iliyopangwa Dar es Salaam ikiletwa hapa, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, inakuta hewa nyepesi kwa asilimia 10 hivi. Inakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, inavuta kwa uzito. Kupandisha klipu ya sindano ya slaidi ngazi moja kwa kawaida kunatosha, na hakuna haja ya kugusa jeti.

Majaribio hayafanywi kwa kuzunguka kituo cha mabasi. Kimbiza mpaka Kolandoto kwa gia ya juu, kisha ukiwa bado kwenye mwendo bonyeza klachi, zima, simama, chomoa plagi hapo hapo. Ukiirudisha polepole mpaka gereji, utasoma rangi ya mwendo wa taratibu, si ya kazi. Vitabu vya zamani vinataka kahawia. Viliandikwa wakati petroli ina risasi. Tangu risasi iondolewe kwenye petroli ya kanda yetu kufikia mwaka 2006, rangi nzuri imekuwa ya kufifia zaidi. Plagi nyeupe kabisa ndiyo ya kuogopa, hasa kwenye Yamaha ya mipigo miwili, ambapo upungufu wa mafuta unaweza kukwamisha pistoni kabla hujafika Mwigumbi. Hiyo irudishwe kwa fundi ikiwa juu ya gari.