Kasiksi Haitaki Haraka

Misisi, hapa Fizi katika Kivu ya Kusini, imejengwa na dhahabu. Machimbo ya Akyanga yamewavuta watu kutoka kila pembe ya Fizi, kutoka Bushi kwa Washi, Bufuliiru, Maniema na Katanga, na kila aliyekuja alibeba kinywaji cha kwao. Jioni, wachimbaji wanaposhuka mlimani, kinachouzwa kwa wingi ni lutuku, pombe kali ya mihogo na mahindi inayotonezwa kwenye pipa na kumlewesha mtu kabla hajamaliza salamu. Mimi nataka kuisifu nyingine, ile inayodai zaidi ya wiki ya kazi ili inywewe kwa siku 2 au 3 tu: kasiksi, pombe ya ndizi na mtama, yenye wekundu wa udongo, ambayo wamama wa Kishi wanaipika kama walivyofundishwa na mama zao.

Ndugu zake ni wengi kuzunguka maziwa yetu. Rwanda wana urwagwa, Burundi urwarwa, Bukoba rubisi, Uganda tonto. Huko Kilimanjaro Wachaga huchanganya ndizi na ulezi, wakatia uchungu wa gome la msesewe, wakapata mbege. Zote hizi ni kazi ya kuchanganya, na mchanganyaji ndiye anayejulikana kwa jina mtaani, si ndizi wala nafaka.

Kazi inaanzia shambani. Katika migomba ya nyanda za juu kuna ya kupika na kuna ya pombe. Ndizi ya pombe ukiichemsha ikiwa mbichi utaitema, maana ina ukakasi unaokaza ulimi. Ukakasi huo ni tanini, kitu kilekile kinachoipa divai nyekundu uzito wake mdomoni. Mpika pombe hodari hategemei aina moja. Huchukua ndizi kali kwa ajili ya nguvu na rangi, akaongeza ndizi tamu kwa ajili ya sukari, kwa kipimo anachokijua yeye. Wafaransa wa Bordeaux hufanya hivyohivyo wanapochanganya zabibu za Cabernet Sauvignon na Merlot, moja kwa ukali wake na nyingine kwa ulaini wake, na dunia nzima inawaheshimu kwa hilo.

Mikungu iliyokomaa hukatwa ikiwa bado kijani. Linachimbwa shimo, linapashwa moto, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi zinapangwa ndani na kufukiwa udongo kwa siku 4, 5, hata 6, kulingana na baridi ya mahali. Hakuna saa wala kipimajoto. Mama anapita asubuhi, anafukua pembeni kidogo, ananusa, anabonyeza ndizi moja kwa kidole gumba. Ikiiva nusu, maji hayatatoka. Ikipitiliza, inakuwa uji. Kati ya hali hizo mbili kuna siku moja tu, na wapishi wazuri hawaikosi.

Halafu ndizi zinamenywa na kuwekwa ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa, pamoja na mafungu ya nyasi zenye makali. Hapa ndipo ningekusihi uketi utazame. Mikono inakanda, inageuza, inafinya. Kwa muda mrefu huoni chochote ila bonge la ndizi linalonata na nyasi zilizochafuka, na mgeni angedhani kazi imeharibika. Mama haongezi maji, ingawa anaweza. Anajua kwamba maji yakitangulia, utamu unapotea. Anaendelea kukanda, na mara bonge linaanza kulegea, povu jepesi linatokea kati ya vidole, na chini ya mtumbwi kunakusanyika maji ya ndizi, safi, matamu kama asali. Wanasayansi wanaeleza kwamba tanini inashikamana na protini za tunda na kuyaachia maji yajitenge. Ndiyo sababu ndizi ya kupika, isiyo na ukakasi huo, ukiikanda kutwa nzima itakupa rojo tu.

Maji hayo yakichujwa ni mutobe, na watoto wanapewa wa kwanza, na wasiokunywa pombe wanapata sehemu yao. Yanayobaki yanaongezwa maji kwa kiasi, kisha mtama mwekundu uliokaangwa na kusagwa. Mtama ndio unaoleta hamira ya asili, ndio unaotia rangi, tena una tanini yake pia. Chombo kinafunikwa kwa majani ya mgomba na kuwekwa mahali pa joto. Kesho yake kinatoa sauti. Siku ya 2 au ya 3 pombe inanyweka. Siku 2 au 3 baadaye inaanza kuwa siki, na mpishi anayejiheshimu hauzi siki.

Katika Bushi hupeleki mahari bila kasiksi, wala hupatanishi wagomvi au kuondoa matanga mikono mitupu. Kibuyu kinawekwa katikati na mwenyeji anaonja kwanza mbele ya wote, ili mgeni anywe kwa amani. Mgomba wenyewe ni mali ya ukoo kwa namna ambayo mzabibu na mkahawa vinaikaribia tu. Ndizi hizi hazina mbegu. Hupandwa kwa chipukizi linalochimbuliwa penye shina la mama, na chipukizi hilo ni mmea uleule. Anayehama kutoka Kabare au Walungu akabeba chipukizi la babu yake, amebeba mgomba uleule ambao babu alikata mkungu wake. Hajabeba mfano wake.

Kwa hiyo msiba wa migomba ni msiba wa familia. Mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968, ulionekana mwaka 2001 Uganda na Masisi, Kivu ya Kaskazini, kisha ukashuka hadi kwetu. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Wadudu wanaubeba kutoka ua hadi ua, na panga linaubeba kutoka shina hadi shina. Hauna dawa, ila una kinga. Vunja ua la kiume kwa kijiti chenye panda mara tu mkungu unapomaliza kutoa vichana. Choma panga motoni kabla ya kugusa shina jingine. Shina lililougua likate usawa wa ardhi, na uendelee hivyo bila kuchoka mpaka shina jipya litoke zima.

Ninasema haya Misisi kwa makusudi. Dhahabu ya Akyanga itakwisha siku moja, kama inavyokwisha kila mahali, na tutabaki na udongo na yale tunayoyajua. Kama bibi yako bado anapika kasiksi, usisubiri kumlilia. Nenda ukae naye siku zote za kazi, kuanzia kuchimba shimo hadi kuonja, ushike ndizi kwa mkono wako mwenyewe, umwombe akuoneshe aina anazochanganya na kwa kiasi gani. Kisha omba chipukizi moja lisilo na ugonjwa, ulipande.